Chumba cha Mkwe

Harufu ya saruji mbichi hunichefua. Wapo wanaoipenda, najua. Mume wangu husema ndiyo harufu ya maendeleo. Mimi ikinigonga puani mate hunijaa mdomoni, na si mate ya hamu. Juzi alikuja fundi kupima ukuta wetu wa nyuma, mtu mstaarabu tu, na kabla hajatoa tepu ya kupimia mfukoni nilikuwa nimeshamkalia kooni: mabomba yanapita wapi, shimo la maji taka liko wapi, alishamjengea nani mwingine huku, na je, huyo mtu bado anaishi ndani ya hiyo nyumba au aliihama. Mume wangu akacheka, akamwambia, "Mzoee tu. Huyo ukimaliza kumjengea, atainusa sakafu." Ni kweli, huwa nainusa. Napiga magoti, naweka pua pale sakafu inapokutana na ukuta, navuta pumzi. Wacha wacheke. Wao hawakulala kwenye chumba kile.

Tulikaa Eastlands, mtaa unaopakana na Kayole, kwenye mstari wa nyumba ndogo zilizopeana migongo. Yetu ilikuwa na vyumba viwili, jiko, choo, na kiwanja kidogo nyuma. Baba alifanya kazi ya zamu kiwandani huko Indastria, na nyumba ile ndiyo iliyokuwa fahari yake. Jumapili baada ya kanisa aliizunguka akizigusa kuta, vile mtu humkagua ng'ombe wake. Mama aliuza nguo za watoto za mitumba Gikomba na kurudi jioni na vumbi la marobota kwenye nywele. Kiwanja kilikuwa changu. Palikuwa na kamba ya kuanikia nguo, karai la kufulia, na katikati mfuniko wa saruji wenye vyuma viwili vya kushikia. Chini yake ndipo maji machafu ya vyoo vya mstari mzima yalipopita yakielekea barabarani. Baba alishaniambia hivyo, ila mambo ya chini hayakunihusu. Mfuniko ule ulikuwa meza yangu. Nilipikia juu yake chapati za matope na kumlisha mwanasesere.

Kisha macho ya Kukhu yakaingia ukungu. Kukhu ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu Bungoma, na huyu alikuwa mama yake mama. Habari zilikuja kwamba anamimina chai nje ya kikombe, kwamba amemsalimia mbuzi akidhani ni mtoto. Hospitali ya kule ikasema macho yale yanaweza kufunguliwa, lakini Nairobi. Ingembidi akae nasi miezi kadhaa, kwanza akingoja zamu yake ya kupasuliwa, halafu akijiuguza. Hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana kwetu mama mkwe halali chini ya paa la mume wa binti yake. Halali, hali naye meza moja, hampi mkono. Wakikutana njiani mmoja hupisha. Si chuki hiyo, ni heshima, na ni nzito kuliko ninavyoweza kumweleza mtu ambaye hakukulia ndani yake. Baba hangeweza kukanyaga chumba anacholala mkwewe hata kingekuwa kinawaka moto. Kwa hiyo Kukhu alitakiwa kujengewa chumba chake, chenye paa lake na mlango wake, pale nyuma kwenye kiwanja changu. Kuhusu choo, Mama Halima, jirani tuliyechangia naye ukuta, alisema Kukhu atumie chake bila wasiwasi wowote.

Fundi tulimpataje? Hapa ndipo ninapotaka kutema mate. Baba alikuwa mtu asiyenunua viatu bila kuvigeuza na kuikunja soli, lakini fundi wa nyumba yake alimchukua kwa sababu ni mtu wa kwetu. Basi. Mwenzake kazini alimtajia Fundi Barasa, akasema ni wa nyumbani kabisa, na baba akafurahi kwa kuwa mambo ya mkwe hayangehitaji kuelezwa. Fundi wa kabila lingine angeuliza kwa nini huyo mama asilale tu sebuleni, na baba angeona haya kujibu. Barasa hakuuliza. Alisimama kiwanjani akitikisa kichwa pole pole. "Ah, mkwe," akasema. "Mkwe hawekwi mahali pa kubanana. Hiyo niachie mimi, mzee." Hakuna aliyekwenda kuitazama kazi yake nyingine. Hakuna aliyetafuta mtu mmoja aliyejengewa naye akamuuliza. Alijua salamu za kwetu, akanywa chai, akamsifu mama kwa kumkumbuka mzazi wake, na hiyo ikatosha kumkabidhi maisha ya mtu.

Jambo moja tu baba alilisisitiza. Alimwonyesha mfuniko, akamwambia, "Juu ya hapa usijenge. Chumba kiishie kabla ya hapa."

Barasa akapima kwa hatua, akakunja uso. Kikiishia hapo, alisema, kitanda kikiingia mlango hautafunguka. Afadhali shimo lenyewe lihamishwe. "Nalipeleka nje ya ukuta, pale karibu na karai. Nakata bomba, naliunga, nafunika. Kazi ndogo hiyo."

"Itawezekana kweli?"

"Mzee, kama sijawahi kuifanya si ningekuambia?"

Baba akaenda zamu, mama akaenda Gikomba. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo mimi niliona kila kitu. Nilimwona Barasa na mwenzake wakiung'oa mfuniko kwa mtaimbo na uvundo ukapanda, nikakimbia nimejiziba pua. Waliubeba wakihema mpaka karibu na karai. Wakakwangua udongo kidogo, wakaulaza, wakauzungushia saruji nadhifu hata ukapendeza. Kule ulikotoka waliweka kipande cha bati lenye kutu, wakapitisha mbao mbili, wakamwaga saruji nyembamba juu yake, wakaisawazisha. Hawakukata bomba. Hawakuunga chochote. Na mimi, nimekaa juu ya matofali na mkate wangu mkononi, niliona maajabu: shimo limehama. Akili yangu ilikuwa hivyo. Palipo na mfuniko ndipo palipo na shimo, kwa hiyo mfuniko ukihama shimo hufuata. Jioni niliwasimulia watoto wa mtaani kwamba fundi wetu anaweza kubeba shimo. Mmoja akabisha, nikampeleka akauona mfuniko mahali papya, akanyamaza. Baba naye aliporudi alisimama juu ya ule mfuniko, akaukanyaga kwa kisigino, haukutikisika. "Huyu anajua kazi," akasema. Tulikuwa na akili moja, yeye na mimi.

Ndani hakukagua. Barasa alikuwa amekwishamaliza hilo. Hata kabla rangi haijakauka alihimiza kitanda kiletwe, akakipanga mwenyewe kule pembeni, akatoka na kusimama mlangoni akimtazama baba kwa kicheko. "Kitanda cha mkwe kimeshaingia, mzee. Sasa karibu yako ni huku nje." Baba akacheka pia. Akarudi hatua moja nyuma, mikono mgongoni, akiwa radhi kabisa.

Kukhu alifika na kikapu cha kunde zilizokaushwa na kuku aliyefungwa miguu. Alinishika uso kwa mikono miwili, akanipapasa pua na masikio, akasema nimekua. Alinukia moshi wa kuni na mafuta ya kujipaka, na nilifurahi nilipoambiwa kwamba nitalala naye. Alikuwa mtu wa maneno na wa kunitania. Ingawa ni msichana, aliniita bwana harusi wake, akaniuliza nimemlipia mahari gani hata nikalazwa kitanda kimoja naye. Baba alimsalimia kutoka upande wa pili wa kiwanja akiangalia chini, naye akaitikia akiangalia pembeni, kila mmoja kwa sauti ya upole. Baadaye baba alizoea kununua ndizi mbivu kila akitoka kazini, akinipa nimpelekee. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia yake ya kuongea naye.

Harufu haikuja siku moja. Mwanzo ilikuwa kama panya amekufia mahali. Mama alifagia uvunguni, akapanga upya makasha. Kisha ikawa nzito, ya mayai yaliyooza na kinyesi, ikipanda zaidi mchana bati la paa likishika moto. Ikaingia kwenye blanketi. Ikaingia kwenye sweta yangu ya shule, na msichana niliyekaa naye dawati moja akasogea. Alfajiri, mstari mzima ukiamka kwenda chooni, nilisikia mngurumo chini ya kitanda, glu, glu, na nilijua bila shaka kwamba ni tumbo la Kukhu. Nilimwonea huruma. Niliamini uzee una harufu yake, vile nguo mpya zina harufu yake, na kwamba watu wakubwa huijua na hawaisemi kwa adabu.

Watu wakubwa waliamini hivyo hivyo, hilo ndilo jambo la kuchukiza. Mama, mwanamke aliyeweza kunusa shati la mtumba na kujua limelala bandarini muda gani, hakuwahi kufikiria sakafu. Sakafu ilikuwa mpya. Fundi alikuwa wa kwetu. Kilichokuwa kikuukuu mle ndani ni mtu mmoja. Akaanza kumwogesha asubuhi na jioni, akimsugua kwa sabuni ya kipande na maji yenye dawa ya vidonda mpaka ngozi ya mikono ikapasuka. Alimkata kucha. Akamnyoa. Siku moja, akiwa amegeukia ukuta, alimuuliza kwa sauti ndogo, "Mama, hujikojolei?"

Kukhu alilipapasa shuka kwa kiganja. "Sijui, mwanangu," akasema. "Labda. Sioni."

Hakuwa anajikojolea. Shuka zilikuwa kavu, mimi nililala juu yake. Lakini mtu asiyeona, akiambiwa ananuka na binti yake mwenyewe, atajitetea kwa nini? Akaacha kunywa chai ya jioni. Akapunguza maji. Ndizi za baba alinipa mimi, akiniambia nisiseme. Utani ukaisha. Usiku kabla ya kulala alinisukuma taratibu, akasema, "Nasimiyu, lala upande wa mlango. Mimi nanuka." Na alimwapisha mama kwa jambo moja: baba asisikie. Mkwe akisikia harufu yake, alisema, heri hata angemwona uchi.

Basi baba hakuambiwa. Aliniuliza kila siku, "Kukhu anaendeleaje?" na nikaangalia uso wa mama nikajibu, "Vizuri." Yeye ndiye mtu mzima pekee nyumbani aliyejua bomba lilikopita, na ndiye pekee ambaye hangeweza kuingia wala kuelezwa. Ukitaka kuficha uchafu usionekane maisha yako yote, hutapata mahali pazuri kuliko pale. Barasa alipapata.

Mama Halima alikuja na chetezo cha udi. Alifukiza chumba chote mpaka tukatokwa machozi, na kwa muda palinukia sebule ya harusi. Kisha akatoka, akamvuta mama kando ya karai. "Mama Nasimiyu, usinielewe vibaya. Ile si harufu ya mwili wa mtu. Ile ni ya choo."

Mama alielewa vibaya papo hapo. Alidhani anaambiwa mama yake anajisaidia kitandani. Akamjibu kwamba mzazi wake si mtoto, na kama amechoka kumruhusu kutumia choo chake aseme waziwazi. Mama Halima alichukua chetezo chake akaenda. Hawakusalimiana kwa muda mrefu, na nani alikuwa sahihi? Ndani Kukhu alikuwa amekaa kitandani na moshi umemzunguka. Akaniuliza kwa nini wanamfukiza kama maiti na bado anapumua.

Halafu mimi nikaugua. Kichwa kiliniuma kila nilipoamka, kama kimefungwa kwa kamba. Siku moja nilitapika darasani juu ya vitabu vyangu na vya jirani yangu, mwalimu akanirudisha nyumbani. Mama akahamisha godoro langu hadi sebuleni siku hiyo hiyo. Nilipata nafuu mara moja, nikala, nikacheza, na kila mtu akaona. Kukhu naye akaona, kwa masikio yake. Alimwita mama akamwambia anataka kwenda nyumbani.

"Mama, zamu yako imekaribia," mama akamwambia. "Hata mwezi hauishi. Utaona tena."

"Mimi naoza, mwanangu. Macho ndiyo yalianza tu. Sasa ni mwili wote, na ninamwambukiza mtoto."

"Daktari ataangalia na hilo."

"Daktari atainamia uso wangu," Kukhu akasema. "Atasikia. Mwanamume mgeni, na pua yake iko hapa. Sitaki."

Mama alilia, akaomba, akakasirika. Haikusaidia. Siku ya kuondoka Kukhu alivaa gauni lake la kanisani, akajifunga leso mbili. Baba alikuwa amesimama upande wake wa kiwanja, kichwa chini, akimtakia safari njema na kusema kwamba macho yatafanywa tu, akipumzika atarudi. Kukhu alijifunika leso mdomoni na puani, akarudi nyuma, akarudi tena nyuma, mpaka mgongo ukagusa ukuta. Baba aliona heshima kubwa isiyo na kifani, na aliizungumzia kwa sifa wiki nzima. Mimi nilikuwa nimemshika Kukhu mkono na nilijua anachofanya. Alikuwa anauzuia uvundo usimfikie mkwewe.

Mvua ndizo zilizomuumbua Barasa. Zilinyesha mpaka vyoo vya mstari mzima vikaanza kurudisha, na wanaume wa mifereji wakaja na vyuma vyao virefu vya kuzibulia. Walianza barabarani, wakasukuma, chuma kikakwama chini ya kiwanja chetu. Wakaomba shimo letu. Baba, akijivuna kidogo, akawaonyesha mfuniko ulivyokaa vizuri. Walipouinua, chini yake palikuwa na udongo mkavu na mnyoo mmoja.

"Mzee, hapa hakuna shimo," mmoja akasema. "Hapa mtu ameweka kifuniko tu."

Baba akauchungulia ule udongo, akachuchumaa, akaugusa kwa kidole. Mimi nikasema kile nilichokuwa nimewaambia watoto wote wa mtaa, kwamba fundi alilibeba shimo. "Alilibeba kutoka wapi?" baba akauliza, na nikanyoosha mkono kwenye mlango wa Kukhu.

Kukhu alikuwa ameshaondoka, chumba kilikuwa kitupu, na bado baba alisita. Alikwenda mpaka mlangoni, akakohoa kidogo, vile mtu hubisha hodi kwa watu wa heshima. Akavua viatu, akaviweka kando pamoja. Akaingia miguu mitupu. Nilimsikia akivuta pumzi mara moja, kisha asivute tena. Alikisukuma kitanda mwenyewe, hakutaka wale wanaume wakiguse. Sakafu chini yake ilikuwa imepasuka na kulowa, nyeusi, ikitoa mapovu kwenye nyufa. Alipokea mtaimbo kwa wale wanaume, akapiga mara moja tu. Ile saruji ilivunjika kama biskuti, bati lililooza likaingia ndani, na mavi ya mstari mzima yakapanda polepole, yakamfunika nyayo, yakamfika vifundoni. Mende wakapanda ukutani. Sijawahi kusahau rangi yake. Baba hakuruka. Alisimama pale pale akitazama mahali kitanda kilipokuwa, kisha akamgeukia mama aliyekuwa mlangoni.

"Alikuwa analala hapa?"

Ndipo mama akamwambia yote. Sabuni, kunyoa, udi, maji aliyoacha kunywa, na kile alichokisema kuhusu daktari. Baba alitoka na kutapika kando ya karai, akaendelea kutapika hata alipokuwa hana kitu tumboni. Jioni hiyo mama alipita kwa Mama Halima, akakaa kwake muda mrefu.

Kesho yake baba alinishika mkono, mimi niliyeshuhudia, tukaenda kumtafuta Barasa. Tulimpata mtaa wa Fedha, anamjengea mtu mwingine, amekaa juu ya matofali na wenzake wa nyumbani wakila mchana. "Mzee, niaje," akasema, mdomo umejaa. Baba alimwambia alichokikuta. Alimwambia palepale, mbele ya wote, bila kupandisha sauti.

Nilingoja Barasa aogope. Nilingoja aombe msamaha, au akane, au akimbie. Badala yake akameza tonge, akafuta mikono kwenye suruali, akamtazama baba kwa mshangao mkubwa.

"Kwani wewe uliingia?" akauliza. "Uliingia chumba cha mkweo? Ukasogeza kitanda chake?"

Wale wengine wakaacha kula. Mmoja akaangalia chini.

"Mimi nilikujengea nikijua wewe ni mtu wa heshima," Barasa akaendelea, tena kwa upole, akitikisa kichwa vile alivyotikisa siku ya kwanza. "Haya mambo, mzee, yasifike nyumbani. Mimi sitasema."

Nimewachukia watu wachache maishani. Wezi nimewahi kuwasamehe. Lakini mtu anayekujengea juu ya kinyesi akitegemea adabu yako ndiyo iwe kufuli, halafu ukivunja kufuli anakuonea aibu kwa niaba yako, huyo sijui afanywe nini. Baba alinishika mkono tukarudi. Hakumshtaki kwa yeyote, maana kila mlango aliotaka kubisha ungeanza na swali lile lile. Barasa alijenga nusu ya mtaa. Alisifiwa kanisani. Watu walimpokezana, huyu wa kwetu, huyu anajua mambo, na mpaka leo kuna vyumba huko siwezi kupita mbele yake bila kuangalia kama pana mfuniko uliokaa vizuri mno.

Shule zilipofungwa, mama alinichukua tukaenda Bungoma kumwambia Kukhu. Njiani alinishika kidevu, akanionya: kuhusu baba kuingia, nisifungue mdomo. Tulimkuta amehamia kwenye jiko la nje. Wajukuu walisema ni yeye aliyetaka, hataki kulala na mtu. Alikuwa na stuli yake, na kila kikao alilowesha kidole, akakiinua juu kujua upepo unavuma wapi, halafu akaipeleka stuli upande ule upepo unakokwenda. Watoto walidhani ni mchezo. Macho yalikuwa yameziba yote mawili, meupe.

Mama alipiga magoti mbele yake akamweleza. Bomba, mfuniko, bati, fundi. Alieleza mara moja, akarudia tena. Akauingiza uso wake shingoni mwa Kukhu, akavuta pumzi. "Moshi," akamwambia. "Moshi tu, mama. Ulikuwa hivi tangu mwanzo." Akanivuta na mimi, nikanusa. Ilikuwa kweli. Moshi wa kuni na mafuta ya kujipaka.

Kukhu aliusikiliza ule uchafu wote akipapasa magoti yake. Mama alikuwa anangoja alie, au acheke, au amlaani Barasa. Alikuwa amekuja na nauli ya kumrudisha hospitali. Kukhu aliuliza jambo moja tu.

"Na mkwe? Alisikia?"

"Hapana," mama akasema. "Hakuingia. Walibomoa wale wa mifereji, yeye alikuwa kazini."

Kukhu akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea. "Basi ni vizuri," akasema. Kuhusu hospitali hakujibu. Alinipapasa uso kama alivyonipapasa alipokuja Nairobi, pua, masikio, haraka haraka, akaurudisha mkono wake. Kisha akalowesha kidole, akakiinua, akainuka akaishika stuli yake, na kwa kupapasa ukuta akaihamisha upande wa pili wa ua, upepo ukitoka kwetu kwenda kwake, akakaa huko.